Najua kuchomelea vyuma lakini sina breve: je, nirudi darasani?

Swali

Mwalimu, jambo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Katuba, Lubumbashi. Nina miaka 38. Shule niliacha mwaka wa tatu wa sekondari kwa kukosa ada. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye alikuwa mchomeleaji wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, mpaka alipoondoka na wale wa "kuondoka kwa hiari" mwaka 2003, akafungua ateliye (karakana) uani kwake. Leo ateliye ni yangu na vijana wawili wanajifunza kwangu. Miaka minne nilifanya kazi kwa kampuni moja iliyochukua kandarasi mgodini upande wa Likasi, mkataba ukaisha. Mwezi uliopita kampuni nyingine ilitafuta mafundi. Mkuu wa ateliye yao alinipa vipande viwili vya chuma niviunganishe, akatazama, akasema kazi ni nzuri. Ofisi ya wafanyakazi ikanirudishia dosie (faili la maombi yangu): hakuna breve, yaani cheti cha ufundi. Jirani ananiambia kuna mtu anauza breve. Mke wangu anasema nirudi shule. Mwalimu, nikae tena darasani miaka minne na watoto wa rika la mwanangu? Hakuna namna ya kupimwa kwa kile ninachokijua?

Jibu

Mdogo wangu, namna ipo. Usirudi kwenye darasa la miaka minne, na huyo muuza breve usimkaribie, sababu nitakueleza. Wewe omba kupimwa. Mtu aliyekwisha kujifunza hana deni la kujifunza tena kitu kilekile. Deni lake ni kuonyesha anachokijua mbele ya mtu ambaye hakumfundisha, kisha ajifunze kile tu kitakachoonekana kimepungua.

Kabla ya kwenda popote, rudi kwenye ile kampuni uulize: karatasi mnayoitaka ni ipi hasa? Wenye kuandika matangazo ya kazi huweka "breve" kwa mazoea, na chini ya jina hilo huingia karatasi tatu zisizofanana. Kuna karatasi ya shule, yaani breve ya ufundi au diploma ya Serikali, inayosema kwamba mtu alipitia programu fulani na kuimaliza. Kuna cheti cha kituo cha mafunzo ya kazi, kinachosema alifuata mafunzo au alifaulu mtihani wa ufundi. Na kuna karatasi ya sifa ya mchomeleaji, ambayo inasema jambo finyu sana: siku fulani, mtu huyu alichomelea kiungo cha namna hii, kwa bageti (fimbo ya kuchomelea) ya namna hii, chuma kikiwa katika mkao huu, na mshono wake ukakaguliwa ukafaa. Kwa bomba na matangi ya kiwandani, hii ya tatu ndiyo inayomruhusu mtu kugusa kazi. Wala haiulizi ulijifunzia wapi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafundi wengi wa Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya mji wetu, hawajawahi kuelezwa jambo hili, na ndilo lenye faida kubwa kwako. Kanuni zinazotumika zaidi duniani kwa kupima wachomeleaji ni ISO 9606-1 ya shirika la kimataifa la viwango, kwa chuma, na Sehemu ya IX ya kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani. Zote mbili zinapima mkono. Chini ya ASME, mwenye wajibu wa kumpima mchomeleaji ni kampuni yenyewe itakayojibu kwa kazi yake. Kwa kawaida mtihani ulioufanya kwa mwajiri wa jana haukufungulii mlango kwa mwajiri wa leo bila yeye kujiridhisha. Maana yake, yule mkuu wa ateliye alikuwa ameshika njia sahihi. Alichobakiza ni kuufanya mtihani huo rasmi, mkaguzi aitwe, matokeo yaandikwe. Ofisi ya wafanyakazi ilikataa dosie yako kwa karatasi ambayo huenda kampuni yao yenyewe ndiyo yenye wajibu wa kuitoa.

Basi andika barua fupi, kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi zetu, uipeleke kwa ofisi ya wafanyakazi na nakala kwa mkuu wa ateliye. Usiombe kazi tena ndani ya barua hiyo. Omba kufanyiwa mtihani wa sifa ya uchomeleaji kulingana na kanuni wanayoitumia, taja aina za kazi ulizofanya mgodini, na taja kwamba mkuu wao alikujaribu. Uwe na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Mtihani wenyewe ukoje? Ule unaoogopwa zaidi unaitwa 6G. Vipande viwili vya bomba vinafungwa kwa pembe ya digrii 45 na huruhusiwi kuvizungusha. Wewe ndiye unayezunguka, ukichomelea chini, ubavuni na juu katika kiungo kimoja. Unaanza na mshono wa mzizi, ule wa ndani kabisa unaounganisha kingo mbili, kisha unajaza, kisha unafunika. Mkaguzi anatazama kwanza kwa macho: matundu ya hewa, gamba lililonaswa ndani, ukingo ulioliwa, mzizi usiopenya. Baada ya hapo vipande vinakatwa na kupindwa kwa mashine kuona kama vitapasuka, au kiungo kinapigwa picha ya eksirei. Anayefaulu 6G huhesabiwa kuwa ameweza mikao yote, ndani ya mipaka ya unene wa chuma na upana wa bomba iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Ukitengeneza milango na madirisha, bila shaka bageti yako ya kila siku ni 6013. Inawaka kirahisi, inasamehe. Kiwandani watakupa 7018. Tarakimu mbili za mwanzo zinakuambia nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba. 1 inasema inafaa mikao yote. 8 inaeleza ganda lake, ambalo ni la haidrojeni kidogo. Ganda hilo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukiingia kwenye mshono moto huleta haidrojeni, na haidrojeni huleta nyufa ambazo zaweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kupoa. Ndiyo maana 7018 hutunzwa kwenye tanuri la bageti na haiachwi wazi mezani, hasa miezi ya mvua. Fundi aliyezoea 6013 akishika 7018 siku ya mtihani huikuta inanata na inazima mkononi, akadhani hajui kazi. Anaijua, hakuizoea bageti hiyo. Nunua 7018, fupisha umbali wa moto wako, jizoeze kwenye bomba lililofungwa mahali pamoja, kata vipande vyako mwenyewe, vipinde kwenye jiliwa uone. Mwezi mmoja wa jioni zako hapo utakufaa kuliko mwaka wa darasa.

Lingine ambalo wenzako hawaambiwi: karatasi hii haidumu milele. Mtu akikaa miezi sita bila kuchomelea kwa njia aliyopimiwa, chini ya ASME sifa yake inakoma, na chini ya ISO kuna uthibitisho wa kila miezi sita pia. Kwa hiyo daftari la kazi zako lazima liendelee. Kujifunza katika ufundi huu hakuna siku ya kuhitimu, na kanuni zenyewe zimekubali hivyo.

Sasa tuseme kampuni inajibu kwamba hapana, wao wanataka cheti cha kituo kinachotambuliwa. Nenda INPP, yaani Institut National de Préparation Professionnelle, taasisi ya Taifa ya mafunzo ya kazi, kwenye ofisi yao ya mkoa hapa Lubumbashi. Watu wengi wanaichukulia kama shule ya vijana waliokosa chuo kikuu. Sivyo ilivyokusudiwa. Iliundwa tarehe 29 Juni 1964 kwa ajili ya kuwapa sifa za kazi watu walio kazini tayari pamoja na wanaoingia: kuanzisha, kuendeleza, kubadili ufundi. Gharama zake zinabebwa kwa sehemu na mchango ambao waajiri hulipa kufuatana na mishahara ya wafanyakazi wao. Miaka yako minne mgodini, kama mwajiri wako alikuwa akilipa ipasavyo, ilichangia nyumba hiyo. Usiingie pale kama mtu anayeomba hisani.

Ukifika, usiseme "nataka kujifunza kuchomelea", maana watakuandikisha na wanaoanza, nawe utakaa wiki nyingi ukifundishwa kuwasha bageti. Sema wewe ni fundi, unataka upimwe kwanza ili wajue kiwango chako, kisha uwekwe kwenye mafunzo ya kujiendeleza kwa yale tu yaliyopungua. Uliza bei kabla, uliza cheti kitaandikwa nini juu yake, na kila malipo yawe na risiti.

Wakati huo kusanya ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi ni mali. Anza na ule wa mgodini. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri, mkataba unapoisha kwa sababu yoyote ile, ampe mfanyakazi cheti kinachotaja aina ya kazi aliyofanya na tarehe ya kuanza na kumaliza. Si zawadi ya bosi mwema. Kama hukupewa, kaombe kwa maandishi. Wakikuzungusha, Inspection du Travail, ofisi ya Serikali ya ukaguzi wa kazi, ipo kwa mambo hayo. Tazama pia mkataba wako wa zamani walikuweka daraja gani. Sheria yetu hupanga wafanyakazi kutoka kibarua wa kawaida, kupitia mwenye ujuzi nusu, hadi mwenye ujuzi kamili na mwenye ujuzi wa juu, na mshahara wa chini hufuata daraja hilo. Nimeona mafundi wakubwa waliofanya kazi ya ujuzi wa juu huku karatasi ikiwaita vibarua, nao hawakusoma mstari huo siku ya kutia saini. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtu hupoteza mara mbili: mshahara wa leo, na ushahidi wa kesho.

Kwa kazi za ateliye, picha za simu zinasaidia zikiwa na maelezo. Picha ya tangi peke yake haisemi kitu. Andika chini yake: tangi la lita ngapi, chuma cha unene gani, bageti gani, mshono ulikuwa katika mkao gani, ulijaribuje kama halivuji, mteja alikuwa nani. Kazi kumi zilizoandikwa hivyo zinamwambia mpimaji mengi kuliko barua ndefu ya kujisifu. Tafuta na watu wawili watatu waliokusimamia, wakubali kuandika walichokiona kwa macho yao. Chifu wa mtaa na mchungaji waache. Hao wanashuhudia tabia, hawawezi kushuhudia mshono.

Na ukiandika kazi hizo moja moja, mapungufu yatajitokeza yenyewe. Kwa fundi aliyejifunzia uani nayajua karibu yote: kusoma mchoro wa kiufundi na alama zake, ule mshale wenye pembetatu unaokuambia mshono uwe upande gani na wa kimo gani, kufuata karatasi ya maelekezo ya uchomeleaji inayotaja umeme, bageti na joto la kuanzia, kutambua aina za chuma, maana chuma kisichoshika kutu hakichomelewi kama chuma cheusi, na usalama wa kiwandani, yaani kibali cha kazi ya moto na kanuni za kuingia ndani ya tangi. Haya ndiyo ya kujifunzia. Ni ya majuma, mdogo wangu, si ya miaka. Mbali na INPP, mjini tuna vituo vya siku nyingi kama Cité des Jeunes ya Wasalesiani; uliza kote kama wana masomo ya jioni au ya moduli moja moja.

Kuna kikwazo kingine ambacho hukukitaja, ila kinanijia kila ninapokaa upande wa wapimaji. Maswali ya mdomo huulizwa kwa Kifaransa. Fundi anayejua kabisa kwa nini chuma kinapinda kikipoa hukaa kimya, anaandikiwa sifuri. Kama mtihani ni wa kuchomelea, basi lugha isiwe ndiyo inayopimwa. Omba mapema, kwa heshima, ueleze kwa Kiswahili. Hapa Lubumbashi wapimaji wengi wanakielewa. Lakini majina ya vitu na alama za hatari jifunze kwa Kifaransa, maana mgodini ndivyo vinavyoandikwa ukutani, na siku ya hatari hakuna muda wa kuuliza.

Kuhusu anayeuza breve. Kughushi ni kosa la jinai, na ukikamatwa kazi inakwenda, jina linakwenda. Lakini mimi nafikiria zaidi kazi yenyewe. Viwanda vyetu vya Katanga huyeyusha madini ya shaba na kobalti kwa asidi ya salfa, inayopita kwenye mabomba na matangi mchana na usiku. Karatasi ya uongo humpeleka mtu kuchomelea bomba hilo kabla hajapimwa. Mshono ukifunguka, anayeungua ni kijana aliyepita chini yake akienda kula. Wewe mkono unao. Usiuchafue kwa karatasi ya namna hiyo.

Unauliza kama kweli dunia inakubali kumtambua mtu bila shule. Inakubali, na tangu zamani. Ufaransa kuna sheria ya mwaka 1934 iliyomfungulia fundi aliyejifunza mwenyewe njia ya kuwa mhandisi mwenye diploma ya Serikali kwa mtihani, na mwaka 2002 nchi hiyo ikaruhusu mtu kupata diploma nzima kwa uzoefu wake wa kazi mbele ya jopo. Mwaka 2004 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 195, lilizitaka nchi ziweke njia za kupima na kutambua ujuzi, hata ule uliopatikana nje ya darasa. Karibu na sisi, Tanzania kupitia VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. Afrika Kusini nayo inafanya hivyo.

Na Katanga ingepaswa kuwa mbele ya wengi, kwa sababu sisi tuna historia ya jambo hili uani kwetu. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines baada yake, zilifundisha mafundi wao ndani ya kazi kizazi baada ya kizazi. Mpango wa mwaka 2003 ulipowatoa wafanyakazi zaidi ya elfu kumi, ujuzi haukubaki kiwandani. Uliingia Katuba, Kamalondo, Likasi, Kipushi, Kolwezi, ukafundishwa kwa wajukuu na wapwa kama wewe. Mjomba wako alikupa ufundi wa kiwanda kikubwa. Hakuweza kukupa karatasi yake. Wanaoandika matangazo ya kazi leo wanawafungia mlango warithi halali wa ufundi uliojenga mji huu, na mimi sitachoka kulisema hilo kwenye kila kikao ninachoalikwa. Kampuni za kandarasi hasa, zinazonufaika na sheria ya mwaka 2017 iliyotengea Wakongo kazi za namna hiyo, zingeanza kwa kuweka kipimo cha mkono kabla ya kipimo cha dosie.

Kama siku moja utataka diploma ya Serikali kwa sababu nyingine, labda kusimamia watu au kuendelea na masomo ya juu, Examen d'État, mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, hupokea pia watahiniwa waliojifunza wenyewe, baada ya mtihani wa kuwachuja. Ni njia ngumu inayotaka Kifaransa na hesabu za darasani. Kwa shida yako ya sasa haihitajiki.

Mwisho, wale vijana wawili. Sheria ya Kazi inatambua mkataba wa kujifunza ufundi, nao huandikwa. Uandike na wazazi wao: watajifunza nini, kwa muda gani, nani anabeba nini. Kila mmoja awe na daftari lake la kazi tangu sasa, utie saini kwenye kila kazi aliyoiweza peke yake, kwa tarehe. Wewe ulikosa daftari la namna hiyo kwa mjomba, na leo unalitafuta kwa tochi. Wao walipate bure.

Barua ya kampuni ianze wiki hii, na ombi la cheti kwa mwajiri wa zamani liende siku hiyohiyo, kwa kuwa ofisi huchelewa. Jibu la kampuni ukilipata, hata kama ni la kukataa, lichukue uende nalo INPP: likitaja kanuni wanayoifuata na aina ya mabomba yao, wapimaji watajua wakuandalie mtihani gani.